Mtoto Mgonjwa Alazwe Penye Mwanga

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya dirisha. Utasema, dirisha ni kazi ya fundi, mganga ana habari gani nalo? Subiri kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mganga msaidizi. Nina cheti, sina digrii. Nafanya kazi katika zahanati moja nje ya mji wa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Huku kwetu ni nusu mji, nusu shamba. Kuna mikorosho, minazi na mihogo, na katikati yake nyumba mpya zinaota kila mwezi.

Siku moja ya masika alikuja mama mdogo na mtoto wa siku 4. Alifuatana na bibi wa mtoto. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Chumba chetu cha kuona wagonjwa kilikuwa na dirisha moja tu. Nusu yake ilizibwa na kabati la dawa. Nusu iliyobaki ilikuwa na pazia la njano. Niliwasha taa. Taa nayo ilikuwa ya njano. Kuta zilipakwa rangi ya njano, maana ndiyo rangi tuliyopewa.

Mama alisema mtoto analala sana na hanyonyi vizuri. Nikampima joto. Hakuwa na homa. Nikamtazama macho, nikamtazama ngozi. Nikasema, "Mtoto mzima, mama. Mwamshe, mnyonyeshe mara kwa mara."

Wakatoka. Pale barazani bibi alimfunua mtoto ili ambadilishe nepi. Nikasikia ananiita.

"Mwanangu, hebu njoo. Mbona macho ya mjukuu wangu kama yamepakwa binzari?"

Nikatoka nje. Nikamtazama mtoto kwa mwanga wa mchana. Macho yalikuwa ya njano kabisa. Ufizi ulikuwa wa njano. Hata viganja na nyayo zilikuwa za njano. Dakika chache kabla nilikuwa nimemshika mtoto yule yule kwa mikono yangu, na sikuona kitu. Ndani ya chumba kile kila kitu kilikuwa cha njano, pamoja na mikono yangu mwenyewe.

Tulimpeleka hospitali kubwa siku ile ile. Akawekwa chini ya taa maalum, akapona. Lakini kabla ya kuondoka bibi aliniambia jambo moja. "Mwanangu, ndani kwako ni giza." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imepungua. Mimi sikulala usiku ule.

MANJANO YA MTOTO MCHANGA

Kwanza tuelewane. Manjano ninayosema si homa ya manjano inayoletwa na mbu. Ni jambo jingine. Mtoto akizaliwa, damu yake ya zamani huanza kuvunjika ili nafasi ichukuliwe na damu mpya. Damu ikivunjika hutoa kitu cha rangi ya njano. Ini la mtoto ndilo linalokitoa mwilini. Lakini ini la mtoto mchanga bado ni changa, halijazoea kazi. Kwa hiyo ile njano hubaki mwilini siku chache, na macho na ngozi hubadilika.

Watoto wengi hupata manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Hao hawana shida. Hatari ni njano ikizidi. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo. Mtoto aweza kufa. Akipona, aweza kuwa kiziwi, au mwili wake ukakakamaa asiweze kukaa wala kutembea maisha yake yote. Ndiyo maana nasema sikulala.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona njano siku ile ile aliyozaliwa. Mpeleke pia kama viganja na nyayo ni za njano, kama hanyonyi, kama analala mno na haamki, kama ana homa, au kama njano imepita majuma mawili. Choo cheupe kama chokaa nacho ni dalili mbaya. Usingoje kesho.

Na hapa niseme neno kwa akina mama wanaotunza nguo za mtoto sandukuni. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu, vyenye harufu kali, tunaviita nafutalini. Usiviweke kwenye nguo za mtoto mchanga. Huku pwani wapo watoto wengi wanaozaliwa na damu inayovunjika upesi ikikutana na dawa ile. Harufu ya nguo tu yatosha kumletea mtoto manjano makali.

MWANGA NI KIFAA CHA MGANGA

Watu wakisikia kifaa cha hospitali hufikiri sindano, mizani na kipimo cha joto. Mimi siku hizi nahesabu mwanga wa mchana kuwa miongoni mwa vifaa. Sababu yake ni hii. Magonjwa mengi ya watoto tunayasoma kwa rangi.

Mtoto mwenye upungufu wa damu, kwa mfano baada ya malaria kali, viganja vyake hupauka. Sisi huweka kiganja cha mtoto karibu na kiganja cha mama yake, tukalinganisha. Mtoto mwenye nimonia kali aweza kuwa na ulimi na midomo ya rangi ya samawati, maana hewa haimtoshi. Mwenye manjano nimekwisha kueleza. Rangi hizi zote hutaka mwanga mweupe wa mchana. Ngozi zetu ni nyeusi, kwa hiyo yatupasa kutazama macho, ufizi, ulimi, viganja na nyayo. Hizo ni sehemu ndogo. Katika giza huzioni.

Taa ya njano huficha manjano. Pazia jekundu humfanya mtoto aliyepungukiwa damu aonekane ana damu. Chandarua cha buluu humfanya mtoto mzima aonekane kama amekosa hewa. Nimewahi kushtuka bure kwa sababu hiyo, mpaka nilipoinua chandarua. Tochi ya simu husaidia usiku, lakini hailingani na dirisha.

Ndugu msomaji, fanya jaribio. Saa 6 mchana chukua gazeti hili. Nenda kakae mahali mtoto wako anapolala. Usiwashe taa. Jaribu kusoma mistari hii. Kama unasoma bila taabu, mwanga unatosha. Kama herufi zinakupotea, basi na mtu anayetaka kusoma rangi ya macho ya mtoto atapotea vile vile. Jaribio hilo lafaa wodini, lafaa zahanati, lafaa na nyumbani kwako.

HABARI YA MUUGUZI MMOJA WA UINGEREZA

Mwaka 1956 kulikuwa na muuguzi mmoja katika hospitali ya Rochford, huko Essex, Uingereza. Aliitwa Ward. Yeye alikuwa mkuu wa wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Alikuwa na desturi yake. Siku ya jua aliwatoa watoto nje uani, maana aliamini hewa safi na mwanga vinawafaa kuliko joto la ndani. Nadhani wapo waliomwona mkaidi.

Siku moja madaktari walipita. Akawaonyesha mtoto mmoja. Mwili wake ulikuwa umeondoka njano, isipokuwa kipande kimoja cha pembe tatu. Kipande hicho kilikuwa cha njano sana. Kumbe hapo ncha ya shuka ilikuwa imemfunika! Ngozi iliyopata mwanga ilipona, ngozi iliyofunikwa ilibaki.

Baadaye kichupa cha damu ya mtoto mwenye manjano kiliachwa dirishani penye jua kwa saa kadhaa. Ilipopimwa, njano ilikuwa imepungua sana. Daktari Cremer na wenzake wakafanya utafiti, wakatoa habari zake mwaka 1958. Wakagundua kwamba mwanga, hasa wa rangi ya buluu, huvunja ile njano ili mwili uweze kuitoa. Hapo ndipo zilipoanza taa za buluu ambazo leo ziko katika hospitali kubwa duniani kote, na Muhimbili pia. Mtoto wetu wa siku 4 aliokolewa na jambo lililoonekana kwanza na muuguzi aliyependa kutoa watoto nje.

JE, TUWAANIKE WATOTO JUANI?

Hili ni swali ninaloulizwa kila juma. Jibu langu ni hapana, usitegemee jua kutibu manjano makali. Najua wapo waliofundisha hivyo zamani, hata katika vituo vya afya. Lakini wataalamu wa leo wanakataza. Jua huchoma ngozi ya mtoto. Humpandisha joto. Mtoto mdogo akivuliwa nguo kwenye upepo wa asubuhi hupata baridi. Tena jua halipimiki. Leo liko, kesho ni mawingu. Na wakati mama anangoja jua la kesho, njano inapanda kichwani.

Wenzetu wa Nigeria walijaribu njia nyingine huko Lagos, na habari zake zikatangazwa mwaka 2015. Walijenga vibanda vya plastiki maalum. Plastiki hiyo inazuia miale inayochoma na inapitisha ile inayovunja njano. Watoto wakalazwa chini yake pamoja na mama zao, na wauguzi wakawapima joto mara kwa mara. Kwa watoto wale njia hiyo haikushindwa na taa za umeme. Lakini angalia: ilikuwa plastiki maalum, na wauguzi walikuwapo saa zote. Mkeka wa uani na jua la saa 3 si kitu hicho.

Jua lina faida nyingine, ambayo ni kujenga mifupa. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Mtoto akiikosa hupata matege. Lakini jua lililopita kwenye kioo haliifanyi kazi hiyo, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika. Kwa hiyo mtoto aliyepona akue akicheza nje. Mgonjwa kitandani tunamtakia mwanga wa dirisha ili aonekane, alale kwa saa zake, na moyo wake uchangamke.

Habari ya moyo kuchangamka si maneno matupu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alitoa utafiti wake mwaka 1984. Alisoma kumbukumbu za wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao dirisha lao liliangalia miti. Nusu nyingine liliangalia ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema kidogo, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wale walikuwa watu wazima. Mtoto ndiye mwenye kuchoka upesi zaidi na ukuta. Mlaze pale anapoweza kuona kuku anapita.

NDANI YA WODI

Wodi nyingi nilizopita wakati wa mafunzo zilikuwa na madirisha ya kutosha. Lakini madirisha hayo hayakuachwa yafanye kazi. Kioo kikivunjika huwekwa boksi. Wavu wa mbu hujaa vumbi mpaka hewa haipiti, na hakuna anayeuosha. Mama hutundika kanga dirishani ili jua lisimpige mtoto, halafu jua linahama na kanga inabaki hapo hapo mpaka jioni. Nguo zilizofuliwa nazo huanikwa kwenye nondo. Simlaumu mama. Hana kamba nje, na hakuna aliyemwambia.

Kanga ya dirishani na iondolewe jua likihama. Wavu uoshwe kwa brashi na sabuni. Kuta zipakwe chokaa nyeupe, maana ukuta mweupe hurudisha mwanga mpaka pembeni. Njano, buluu na kijani iliyoiva hazifai wodi ya watoto. Mtoto mahututi na mtoto mchanga walazwe vitanda vya karibu na dirisha, ila jua lenyewe lisimpige usoni. Usiku taa zipunguzwe. Mtoto hajui saa, lakini mwili wake hujifunza mchana na usiku, na taa inayowaka kucha humchosha.

Vipimo navyo vipo. Mafundi wengi hufuata kanuni kwamba eneo la madirisha lisipungue sehemu 1 ya 10 ya eneo la sakafu. Chumba cha meta 3 kwa meta 3 kina meta za mraba 9. Kwa hiyo dirisha lake lisiwe dogo kuliko sentimeta 90 kwa meta 1. Tena mwanga hauendi mbali. Huingia ndani kiasi cha mara 2 ya urefu wa kutoka sakafuni mpaka juu ya dirisha. Dirisha likiishia meta 2 juu, kitanda kilichoko meta 6 ndani kiko gizani hata saa 6 mchana. Ndiyo sababu wodi pana hutaka madirisha pande zote mbili.

Watu wa Dar es Salaam huogopa joto, nao wana haki. Lakini joto halizuiwi kwa kuziba dirisha. Huzuiwa kwa kulielekeza vizuri. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini, lakini mchana huwa juu sana. Upenu wa meta 1 hulizuia kwa sehemu kubwa. Jua baya ni la asubuhi na jioni, linaloingia chini chini kutoka mashariki na magharibi. Basi kuta ndefu zenye madirisha ziangalie kaskazini na kusini. Hapo utapata mwanga mweupe bila kuchomwa, na pepo zetu mbili, kusi na kaskazi, zitapita ndani.

Waliojenga zamani walijua hayo. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani, ikafunguliwa mwaka 1897. Ina baraza pana na inaangalia bahari. Walijijengea wenyewe Wazungu, Mwafrika hakulazwa humo. Tangu mwaka 1996 ni taasisi ya kutibu saratani, na ni yetu sote. Mwaka ule ule wa 1897 alifika Dar es Salaam daktari Robert Koch, aliyegundua mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882. Yeye alikwisha kuona kwamba mdudu huyo hufa akipigwa na jua. Na mwaka 2007 wataalamu walitoa vipimo vya hospitali 8 za mji wa Lima, nchi ya Peru. Wodi za kizamani, zenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa, zilibadilisha hewa vizuri kuliko wodi mpya. Palipo na hewa nyingi, kifua kikuu huambukiza kwa shida. Dirisha likifunguliwa mtoto hupata vyote viwili, mwanga na hewa.

NA NYUMBANI JE?

Watoto wengi wachanga hawako wodini. Wako chumbani na mama zao wakingoja arobaini. Mila hii ni nzuri. Mama anapumzika, anakandwa, anapikiwa uji. Siisemi vibaya. Tatizo ni chumba chenyewe. Nyumba zetu za Kiswahili zina ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Kila chumba kina dirisha dogo, na jirani amejenga karibu. Dirisha laangalia ukuta wake. Kisha pazia zito huwekwa ili mtoto asipatwe na upepo wala kijicho. Hapo mtoto hugeuka njano siku 3 na hakuna anayeona.

Bibi mmoja wa Kizaramo aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, unataka mwana atolewe nje watu wamtazame?" Nikamwambia, "La, bibi, shikamoo kwanza." Akacheka. "Marahaba." Nikamweleza kwamba sitaki mtoto atoke. Nataka kila asubuhi pazia lifunguliwe kidogo, mlango ufungwe kama wanataka, na mtoto asogezwe dirishani. Atazamwe macho, ufizi, viganja na nyayo. Kisha arudishwe, pazia lifungwe. Dakika 2 tu, kwa siku 7 za kwanza, na baadaye mara moja moja. Akasema, "Hayo yanawezekana."

Kwa chumba chenye giza kabisa, upo ujanja wa mafundi. Bati moja la paa hutolewa, likawekwa bati la plastiki linalopitisha mwanga. Chumba huwa cheupe mchana kutwa. Lakini usimweke mtoto chini yake moja kwa moja, maana saa za adhuhuri joto lake ni kali.

Pale zahanati kwetu tulianza na kabati. Mimi na muuguzi tulilisukuma Jumamosi moja, bila kusubiri barua. Pazia la njano likawa tambara la kufutia sakafu. Nililipeleka shauri mbele ya kamati ya zahanati. Wajumbe wengine walisema fedha ni kwa dawa, si kwa chokaa. Tukabishana kidogo. Mwisho mzee mmoja alitoa chokaa ya nyumba yake iliyobaki, na vijana wawili wakapaka. Gharama yetu ilikuwa brashi tu. Bati la plastiki bado hatujapata. Kitanda cha kupimia watoto kiko chini ya dirisha. Mvua ya kusi ikipiga tunakivuta ndani, kisha tunakirudisha.

Yule mtoto aliletwa tena alipotimiza majuma 6, kwa ajili ya chanjo. Bibi yake ndiye aliyembeba. Sikuwahi hata kumkaribisha kiti. Alipita moja kwa moja mpaka dirishani, akamfunua mtoto uso, akamwinua kwenye mwanga na kumtazama macho yote mawili. Kisha akanigeukia.

"Haya mwanangu, sasa mtazame na wewe."